Mdau Ni Nani Hasa?

Nimekuwa kimya wiki mbili, na wapo mlioniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimeolewa. Sijahama, na hilo la pili likija mtaalikwa. Nilikuwa na jambo linalonisumbua na sikujua nianzie wapi. Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana hapo ndipo pananiuma zaidi.

Siku hiyo nilikwenda kwenye mkutano wa wadau. Hotelini, hapa hapa Dar es Salaam, ukumbi wenye kiyoyozi kikali mpaka nikajuta kutobeba kanga. Mada ilikuwa rasimu ya kanuni zinazohusu taarifa za watu mtandaoni. Ofisi iliyotualika siitaji, kwa sababu haya ninayoyasema nimeyaona kwenye mikutano mingi, na kila mwandishi aliyewahi kuvaa kile kitambulisho cha shingoni ameyaona.

Mezani kila mtu alikuta kalamu, daftari dogo, chupa ya maji na rasimu yenyewe, kurasa arobaini na kitu, Kiingereza cha kisheria mwanzo mwisho. Ndiyo kwanza tulikuwa tunaiona. Mgeni rasmi akahutubia, tukapiga picha ya pamoja, tukanywa chai. Maoni yalianza saa tano na yakafungwa saa saba kwa sababu saa saba chakula kilikuwa tayari. Waliosema sana walikuwa wanasheria wa makampuni. Wao rasimu walikuwa nayo siku nyingi, wamekuja nayo imepigwa mistari ya rangi, wanajua kifungu gani kinawagusa mfukoni. Siwalaumu, ndiyo kazi yao. Akasema mtu wa benki. Mama mmoja wa taasisi isiyo ya kiserikali akapewa dakika tatu na akakatishwa kwenye ya pili. Nikaangaza macho ukumbini. Hakukuwa na bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu. Hakukuwa na binti anayeuza magauni Instagram, wala wakala wa miamala, wala mwanafunzi wa chuo.

Nikarudi ofisini nikaandika habari. Kichwa cha habari: wadau wapongeza rasimu ya kanuni mpya. Aya sita, nne kati ya hizo ni maneno ya mgeni rasmi. Rasimu yenyewe ilikuwa kwenye mkoba wangu na sikuwa nimefungua ukurasa wa pili. Na ile "nauli" ya kwenye bahasha niliipokea, nikapitia Feri kununua samaki. Sasa mnajua.

Neno hili "mdau" lina historia yake kwetu. Issa Michuzi alipofungua blogu yake mwaka 2005 na wengine wakamfuata, wasomaji ndio waliokuwa wadau. Mdau wa Sinza, mdau wa Uholanzi, mdau asiyetaka jina lake litajwe aliyetuma picha ya shimo barabarani. Hakuna aliyekuuliza umesajiliwa na nani. Ulikuwa na la kusema, basi wewe mdau. Neno hilo hilo likiingia kwenye barua ya mwaliko ya ofisi za umma maana inabadilika: mdau ni mwenye leseni, mwenye ofisi au mwenye mfadhili. Mwenye simu ya elfu themanini anayenunua bando la siku anaitwa "mtumiaji wa mwisho". Wa mwisho kweli kweli.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba nchi hii watu hawasemi. Tunasema, sana tu. Shida ni kwamba tunasema sheria ikishapita.

Angalieni mwaka 2015. Muswada wa sheria ya makosa ya mtandao ulipelekwa bungeni kwa hati ya dharura, utaratibu unaofupisha safari nzima ya muswada, na ukapitishwa Aprili Mosi. Wapo waliodhani ni mzaha wa siku ile. Rais Kikwete akautia saini mwezi huo huo, na sheria ikaanza kutumika Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo, kiliweka faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wangapi kati yetu tulikisoma kabla? Tulikijua pale watu walipoanza kufikishwa mahakamani kwa walichoandika Facebook na WhatsApp. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums akakamatwa, na moja ya mashtaka yake likawa kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Mpaka siku ile nilikuwa nadhani kikoa ni suala la mafundi wa kompyuta. Kumbe herufi mbili baada ya nukta zinaweza kumpandisha mtu kizimbani.

Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Laki moja ya kuomba, milioni moja ya leseni, milioni nyingine ya kila mwaka. Jumla milioni mbili na laki moja kabla hujaandika sentensi. Wanahabari na watetezi wa haki za binadamu walikimbilia Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda mwezi Mei, likaondolewa. Juni JamiiForums ikajifunga kwa muda, na blogu ndogo ndogo, zile za mapishi na za mashairi na za habari za wilayani, nyingi zikazimika kimya kimya bila hata kuaga. Kanuni mpya zilichukua nafasi ya zile mwaka 2020, nazo zikarekebishwa 2022, lakini waliofunga hawakurudi. Rafiki yangu mmoja alikuwa na blogu ya habari za kijijini kwao: bei za ufuta, nani amefariki, daraja limekatika wapi. Leo anauza vifaa vya simu Kariakoo. Nikimuuliza kuhusu blogu ananiambia, "Dada, ile ilikuwa ujana."

Halafu tozo. Hii hakuna asiyeikumbuka. Julai 15, 2021 kila anayetuma au kutoa pesa kwa simu akaanza kukatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Nchi nzima ikapiga kelele. Mama yangu, ambaye hajawahi kuandika neno mtandaoni, alijirekodi sauti akalalamika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Na kelele zilisikika: Septemba mwaka ule wakapunguza kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikashuka hadi 7,000, Julai 2022 kikashuka tena hadi 4,000, Oktoba 2022 baadhi ya makato yakaondolewa kabisa. Kuna watu husema hapo ndipo ushirikishwaji ulipofanya kazi. Mimi naona kinyume. Mama alilipa mwaka mzima na zaidi kwa kutoulizwa swali ambalo angelijibu kwa dakika moja, tena bila posho.

Na sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kama tano. Mtandao wa X ulikuwa umeshazuiwa tangu Mei. Dada yangu mkubwa yuko Muscat, ameolewa huko. Siku zote hizo alikuwa anatuma ujumbe unaobaki na alama moja ya tiki. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anafungua simu kila akiamka usiku kuangalia kama imekuwa mbili. Intaneti iliporudi zilinifikia jumbe zake zote kwa mpigo, na wa mwisho ulikuwa na neno moja tu: "Uko?"

Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi. Sitaki leo tubishane kuhusu uchaguzi, wapo wanaoweza kuliko mimi. Ninachouliza ni kidogo zaidi. Uamuzi wa kuzima mtandao wa watu zaidi ya milioni sitini huchukuliwa kwa kifungu kipi, na mtu gani, kwa siku ngapi, na anamweleza nani baadaye? Nimekuwa mwandishi wa habari miaka sita na maswali hayo sikuwahi kuyauliza kwenye mkutano wowote wa wadau niliohudhuria. Na nafasi nilikuwa nayo. Kipaza sauti kilipita mbele yangu.

Mtasema hili ni gumu, mambo ya sera za mtandao ni ya wataalamu. Nami nilisema hivyo. Sasa hebu twende India kidogo.

Machi 2015 mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ilitoa waraka wa kukusanya maoni: kurasa zaidi ya 100, maswali 20, lugha ya kusinzisha. Hoja ya ndani ilikuwa kama kampuni za simu ziruhusiwe kubagua, tovuti hii ya bure, ile ya kulipia. Nani angesoma? Wakajitokeza vijana wakaufupisha waraka ule kwa lugha ya kawaida, na kundi moja la wachekeshaji, AIB, likautengenezea video ya utani. Watu wakacheka, wakaelewa, wakaandika. Barua pepe zaidi ya milioni moja zikaingia TRAI. Facebook nayo ikafanya kampeni yake kubwa kutetea huduma yake ya bure iitwayo Free Basics. Februari 2016 TRAI ikaamua: ni marufuku kutoza bei tofauti kwa kubagua maudhui. Free Basics ikaishia hapo, India.

Huduma hiyo hiyo, kwa jina lake la awali la Internet.org, ilianza Zambia Julai 2014 na kufika kwetu Oktoba mwaka ule kupitia Tigo. Nilikuwa kidato cha sita. Tulifurahi kama tumeokota dhahabu, Facebook ya bure jamani! Nilikuwa na rafiki pale bwenini aliyeamini kabisa kwamba Facebook ndiyo intaneti yenyewe, na kwamba kingine chochote ni "kutoka nje". Sisemi Wahindi walikuwa sahihi na sisi tulikosea. Kwa mwanafunzi asiye na shilingi, cha bure ni cha bure. Ila wao walibishana nchi nzima, wakiwa na waraka mkononi. Sisi tulishangilia.

Karibu zaidi ni Kenya. Wenzetu wana silaha: katiba yao ya 2010 imeutaja ushirikishwaji wa wananchi waziwazi, na kuupuuza ni hoja ya kwenda nayo mahakamani. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, kwenye orodha ya waliokwenda mahakamani walikuwemo Wanubi, kupitia Nubian Rights Forum. Kwa nini Wanubi? Kwa sababu wao wanajua maana ya kitambulisho kuliko profesa yeyote. Wamekaa Kibera vizazi na vizazi na bado kijana wao akiomba kitambulisho alikuwa anahojiwa kama mgeni. Waliona kabla ya wengi kwamba mfumo wa kidijiti ukimkosa mtu, unamkosa kila mahali kwa wakati mmoja. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikaruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni kamili, ikakataza kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 ikaja hukumu nyingine: kadi zilitolewa bila kwanza kupima madhara kwa taarifa za watu, kwa hiyo ni batili. Mambo haya hayakuibuliwa kwenye ukumbi wa hoteli. Yaliibuliwa na waliowahi kuumia.

Nyumbani nako tusijidharau kupita kiasi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeandikwa kwa Kiswahili, ikaanza kutumika Mei Mosi, 2023. Niliichukua juzi nikaisoma kitandani, na jamani, inasomeka! Kuna "mkusanyaji", kuna "mchakataji", kuna "mhusika wa taarifa", ambaye ni mimi na wewe. Yapo maneno yanayohitaji kusomwa mara mbili, lakini ni lugha ambayo fundi wa simu Makumbusho anaweza kubishana nayo. Sasa kama sheria mama iko kwa Kiswahili, ile rasimu ya hotelini ilikuwa Kiingereza kwa ajili ya nani? Mwenye jibu aniambie, nami nitamwomba radhi hapa hapa.

Basi baada ya kuona aibu ya kutosha, nikafanya jambo dogo. Nilitafsiri kurasa nne za mwanzo za ile rasimu, nikazitoa kopi tano, nikaenda kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na ninapokaa, Mwananyamala. Sikwenda na bango. Nilinunua kahawa na kashata, nikawaambia nina karatasi sizielewi, wanisaidie. Mwanzoni walidhani natafuta kura.

Mzee wa kijiwe akamwambia kijana mmoja asome kwa sauti. Akasoma kifungu cha pili, wakaanza kubishana. Kifungu cha tatu walikiruka, walisema hakina kitu, na kweli nilivyokirudia nyumbani hakina kitu. Cha nne kikawashika. Kinasema mtu anayehifadhi taarifa za wateja awe na wajibu huu na ule. Kijana, hana zaidi ya miaka 22, akatoa simu yake mfukoni.

"Dada, mimi humu nina namba za abiria kama mia mbili. Wengine nimeandika mpaka wanapokaa. 'Mama Jeni geti jekundu.' Wengine picha zao zinatokea WhatsApp. Simu ikiibwa, anayeshtakiwa ni mimi, kampuni ya ile programu, au mwizi?"

Kijiwe kizima kikacheka, kisha kikanyamaza, wananiangalia mimi. Mwingine akaongeza kwamba mwaka juzi aliporwa simu Kinondoni, na siku ya pili abiria wake wakaanza kupigiwa na matapeli wakiombwa pesa kwa jina lake. Wawili walituma. Mmoja hajawahi kupanda tena pikipiki yake.

Nawaambieni ukweli wadau, katika saa mbili za maoni hotelini hakuna aliyeuliza swali lile. Wanasheria waliuliza kuhusu adhabu kwa kampuni. Hakuna aliyefikiria kwamba "mhifadhi wa taarifa" anaweza kuwa kijana mwenye kofia ngumu na simu iliyopasuka kioo.

Wanaosema wananchi hawana hamu ya mambo haya hawajakaa kijiweni. Hamu ipo. Kinachokosekana ni karatasi kuwafikia mapema, kwa lugha yao, na muda wa kuijadili. Siku 21 haziwezi kuua serikali. Na kinakosekana kitu kingine ambacho hata makampuni hawakidai: kurudishiwa majibu. Ukitoa maoni leo yanaingia kwenye faili na hujui kama yalisomwa au yalifungiwa maandazi. Waandike tu, maoni haya tumeyakubali kwa sababu hii, haya tumeyakataa kwa sababu ile. Hata ukikataliwa utarudi tena, kwa sababu umejua kulikuwa na mtu upande wa pili. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko mikutano kumi.

Na sisi waandishi tubadilike, nikianza na aliyeandika hapa. Habari ya rasimu ni rasimu. Mgeni rasmi anaweza kukaa aya ya sita na asife. Nimemwambia mhariri wangu hivyo. Akacheka, akaniuliza nani atasoma. Nikamwambia kuna kijiwe Mwananyamala kina watu kumi na moja. Akasema niandike nitakavyo kwenye blogu yangu, gazetini nafasi hakuna. Ndiyo maana mnayasoma hapa.

Lile swali la yule kijana nimelipeleka. Nilipiga simu ofisi husika Jumatatu, nikaambiwa anayeshughulikia yuko kwenye semina. Nikapiga Jumatano, bado yuko semina. Nimeandika barua, nimeigongesha muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Wakati nasubiri, nimeshatafsiri mpaka kifungu cha tisa. Jumamosi ijayo saa kumi jioni tunaendelea pale pale kijiweni. Kahawa safari hii mzee wa kijiwe amesema analipa yeye.